Nyuma ya Amplifaya: Historia ya Waya Ziingiazo na Zitokazo

Upande wa mbele wa amplifaya ya kitaalamu hauna mengi ya kueleza: vitufe viwili vya kuzungusha, taa chache na swichi ya umeme. Habari ziko nyuma. Huko kuna matundu ya aina tatu au nne yasiyofanana, na kila aina ilibuniwa na watu wa kazi tofauti kwa ajili ya shida tofauti. Mafundi wa simu walileta moja, wa sinema na redio wakaleta lingine, na wa majukwaa ya muziki wakaja na lao mwishoni. Hakuna aliyewahi kukaa akayapanga yote kwa pamoja. Kazi ya amplifaya yenyewe ni ileile tangu mwanzo: kupokea ishara ya umeme isiyozidi volti chache, iliyotoka kwenye maikrofoni, santuri au miksa, na kuitoa ikiwa na nguvu ya kusukuma spika. Kilichochukua miaka zaidi ya mia moja kutulia ni namna ya kuunganisha: waya upi uingie, upi utoke, na vipi kuhakikisha mkono wa fundi mwenye haraka hauchanganyi huu na ule.

Mzizi wa mambo haya ni simu. Januari 1878, mjini New Haven katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ilianza kazi swichibodi ya kwanza ya simu za kibiashara. Swichibodi zilizofuata zilihitaji waya mfupi ambao mhudumu angeuchomeka na kuuchomoa mamia ya mara kwa siku bila kutazama upande upi uko juu. Suluhisho lilikuwa plagi ya mviringo, kijiti cha chuma chenye ncha iliyobinuka, kinachoingia vyovyote kishikwavyo. Charles Scribner wa kampuni ya Western Electric ya Chicago ni miongoni mwa waliosajili hataza za mwanzo za jeki za namna hiyo. Kipenyo kilikuja kutulia kwenye robo inchi, yaani milimita 6.35, na hadi leo gitaa la umeme na miksa bado vina tundu la kipimo hicho. Ni chombo kilichobuniwa kupitisha mazungumzo ya watu wawili, si wati mia kadhaa, na jambo hilo lilikuja kuleta matatizo baadaye.

Simu ndiyo iliyofundisha pia kwamba waya mmoja hautoshi. Laini za mwanzo zilitumia waya mmoja wa chuma, na mkondo ukarudi kwa kupitia ardhini. Ardhi haikuwa tulivu. Ilibeba mikondo ya telegrafu, na tramu za umeme zilipoenea mijini mwishoni mwa karne ya 19, mvumo wake uliwafikia watu masikioni mwao. Alexander Graham Bell alikuwa amekwisha kusajili mwaka 1881 hataza ya kutumia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Wazo lake ndilo linalofanya kazi hadi sasa kati ya miksa na amplifaya. Ishara hupelekwa kwenye waya zote mbili, mmoja ukipanda pale mwenzake anaposhuka. Kelele ya nje huziingia zote mbili kwa kiasi kilekile na upande uleule. Mwisho wa safari, transfoma au saketi ya kupokea huchukua tofauti iliyopo kati ya waya hizo. Kwa kuwa kelele ni sawa pande zote, tofauti yake ni sifuri, nayo ishara hubaki peke yake. Kebo ya mita 100 inayopita sambamba na waya za taa za jukwaani hunusurika kwa kanuni hiyo tu.

Urithi wa tatu wa simu ulikuwa namba 600. Waya za simu zilizotandazwa juu ya nguzo, mbili mbili zikiwa na nafasi kati yake, zilikuwa na ukinzani wa asili unaokaribia omu 600. Laini ikiwa ndefu sana, kifaa cha kutuma na cha kupokea vikiwa na ukinzani usiolingana na wa laini, sehemu ya ishara hurudi nyuma kama mwangwi badala ya kufika. Kwa hiyo mafundi wa simu walilinganisha kila kitu na omu 600. Redio na studio zilipoanza ziliajiri mafundi haohao na kununua vifaa vilevile, zikaichukua kanuni hiyo bila kuuliza. Kwa kweli hazikuihitaji, maana kebo ya studio ni ya makumi ya mita na mwangwi wa umeme hauna nafasi katika urefu huo. Hata hivyo mwaka 1939 maabara ya Bell na mashirika ya utangazaji ya CBS na NBC yalikubaliana juu ya mita ya pamoja ya kupimia ukubwa wa sauti, na rejea ikawa miliwati moja ndani ya omu 600. Ikipigwa hesabu, miliwati hiyo ni volti 0.775. Omu 600 zimekwisha kuachwa, lakini volti hizo zimebaki: kiwango cha kawaida cha miksa ya kitaalamu, takriban volti 1.23, kimehesabiwa kutoka hapo, na namba zilizoandikwa nyuma ya amplifaya kueleza inahitaji ishara kiasi gani ili itoe nguvu zake zote zinafuata ngazi hiyohiyo.

Spika iliitangulia amplifaya jukwaani. Mwaka 1915, mjini Napa huko California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na Edwin Pridham waliunda kifaa chenye koili inayocheza ndani ya sumaku yenye nguvu, wakakifunga kwenye honi kubwa na kukiita Magnavox. Hapakuwa na kikuza chochote katikati. Maikrofoni ya kaboni ilipitisha mkondo mkubwa wa betri, sauti ikautikisa mkondo huo, nao ukaenda moja kwa moja kwenye koili. Valvu ya Lee de Forest, iliyobuniwa mwaka 1906, ilikuwa tayari ipo, lakini ilichukua miaka kabla haijatumika kukuza sauti kwa umati. Septemba 19, 1919, Rais Woodrow Wilson alihutubia watu wapatao 50,000 katika uwanja wa San Diego akiwa ndani ya kibanda cha vioo, honi zikiwa juu yake. Kibanda hicho kinastahili kukumbukwa kuliko hotuba, kwani kilisaidia kuzuia sauti ya honi isirudi kwenye maikrofoni na kuanza kulia, kilio ambacho kila fundi mitambo bado anapambana nacho.

Miaka miwili baadaye chanzo cha sauti kilikuwa laini ya simu yenyewe. Novemba 11, 1921, Rais Warren Harding alihutubia mazishi ya Askari Asiyejulikana katika makaburi ya Arlington. Vikuzaji vya valvu vya kampuni ya simu vilisukuma honi za pale makaburini, na wakati huohuo ishara ikasafirishwa kwa waya hadi New York na San Francisco, ambako maelfu ya watu walisimama mbele ya spika na kusikia. Vipande vyote vya mfumo wa leo vilikuwapo siku hiyo: maikrofoni, laini ya waya mbili, kikuzaji mwisho wa laini na spika.

Spika ya koni iliyozoeleka leo ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925. Sumaku za kudumu za wakati huo zilikuwa dhaifu, hivyo spika nyingi zilitumia sumaku ya umeme, koili kubwa iliyohitaji mkondo wake wenyewe. Kwa sababu hiyo waya za kwenda kwenye spika zilikuwa nne au zaidi: mbili za sauti, mbili za kulisha sumaku, na hizo za pili zilibeba mamia ya volti. Katika redio nyingi koili hiyo ilifanya pia kazi ya kuchuja umeme wa redio nzima, kiasi kwamba spika ikichomolewa redio yote hunyamaza. Sumaku za aloi ya alnico zilipoimarika katika miaka ya 1930 na 1940, koili ya kulishwa ikaondoka, na spika ikabaki na waya mbili. Huenda hakuna hatua nyingine katika historia hii iliyorahisisha kazi ya fundi kwa kiasi hicho.

Sinema ndiyo iliyoifanya amplifaya kuwa chombo cha kitaalamu. Agosti 6, 1926, filamu ya Don Juan ilioneshwa New York kwa mfumo wa Vitaphone, ambapo sauti ilikuwa kwenye santuri kubwa iliyozunguka sambamba na mashine ya picha. Filamu ndefu ilihitaji mashine mbili zikipokezana, hivyo mwoneshaji alipaswa kuhamisha sauti kutoka santuri moja kwenda nyingine bila watazamaji kugundua. Kitufe cha kuhamishia kikawekwa kabla ya amplifaya, na kwa namna hiyo uchaguzi wa chanzo ukatenganishwa na kikuza nguvu. Mgawanyo huo haujabadilika: chochote cha kuchagua au kurekebisha sauti hufanyika ishara ikiwa ndogo, na amplifaya ya mwisho huachiwa kazi moja tu.

Wati zilikuwa ghali. Ukumbi mzima uliendeshwa kwa wati ambazo leo hazitoshi hata redio ya gari, kwa msaada wa honi kubwa zilizogeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa sauti. Katika hali hiyo kulinganisha ukinzani hakukuwa mapokeo matupu kama studioni, kwani bila hivyo nguvu ilipotea. Valvu hupenda kusukuma mzigo wa maelfu ya omu, ilhali spika ina omu 8 au 16. Katikati ikawekwa transfoma ya kutolea, nayo nyuma ya mashine ikatoa skrubu kadhaa: ya pamoja, ya omu 4, ya 8, ya 16. Fundi alihesabu mzigo wa spika zake na kufunga waya kwenye skrubu inayolingana nao. Utaratibu huo ulizaa pia onyo lililodumu miaka mingi: amplifaya ya valvu isiwashwe na kupewa sauti ikiwa spika haijafungwa, maana nguvu isiyo na pa kwenda hupandisha volti ndani ya transfoma hadi cheche hutoboa insulesheni yake.

Majengo makubwa yalikuwa na shida ya namna nyingine. Shule, kiwanda au kituo cha treni kinahitaji spika nyingi ndogo zilizo mbali mbali, na ukinzani wa waya zenyewe hula sauti. Mafundi waliazima hila ya kampuni za umeme: pandisha volti, punguza mkondo. Amplifaya hutoa hadi volti 100 inapofika kilele cha nguvu zake, au volti 70.7 kwa desturi ya Marekani, na kila spika huwa na transfoma yake ndogo ya kushusha. Wati 100 zikisafirishwa kwenda kwenye mzigo wa omu 4 zinahitaji ampea 5. Kwa volti 100 zinahitaji ampea moja, na joto linalopotea kwenye waya uleule hupungua mara 25. Hesabu ya kuunganisha nayo ikawa rahisi mno, kwani fundi hujumlisha wati tu: honi kumi za wati 10 kila moja hutosha amplifaya ya wati 100, zote zikifungwa sambamba kwenye waya zilezile mbili. Mfumo huu bado ndio uti wa mgongo wa misikiti, makanisa, shule na vituo vya mabasi vya Afrika Mashariki, ambako amplifaya zilizotengenezwa India zimehifadhi nyuma yake safu ileile ya skrubu za zamani, za omu upande mmoja na za volti upande wa pili. Na kosa linaloua vifaa ni lilelile siku zote. Honi ya omu 8 isiyo na transfoma ikifungwa kwenye skrubu ya volti 100 hudai, kwa hesabu, zaidi ya wati 1,200, na koili yake huungua kabla hotuba haijafika mbali.

Upande wa kuingizia ulipata umbo lake la kudumu Los Angeles. James Cannon alianzisha kampuni ya Cannon Electric mjini humo mwaka 1915, na filamu zilipoanza kusema, studio za Hollywood zilikuwa jirani zake. Zilihitaji plagi isiyochomoka mtu anapokanyaga waya na isiyokwaruza sautini inapoguswa. Baada ya matoleo kadhaa, kufikia miaka ya 1950, ikapatikana XLR: pini tatu ndani ya gamba la chuma, yenye kufuli dogo la kubofya. Pini ya kwanza ni ya wavu wa kinga unaozunguka waya, ya pili na ya tatu ni za ile jozi ya Bell. Pini ya wavu hugusana kwanza, kabla ya zile mbili, ili kishindo cha kuchomeka kipungue. Desturi nyingine ikajengeka, kwamba pini huelekea kule ishara inakokwenda: kifaa kinachotoa ishara kina pini zilizojitokeza, kinachopokea kina matundu. Fundi anayejua hilo anaweza kusoma njia ya sauti gizani kwa vidole.

Lakini wenye viwanda hawakukubaliana ni pini ipi kati ya pili na tatu iwe chanya. Vifaa vingi vya Marekani viliichukua ya tatu, vya Ulaya ya pili. Ishara hupita vyovyote vile, na sikio halioni kasoro kwenye spika moja. Taabu huonekana amplifaya mbili za desturi tofauti zikisukuma spika zilizo bega kwa bega: koni moja inasukuma hewa mbele wakati nyingine inaivuta nyuma, na besi hutoweka. Chama cha wahandisi wa sauti, AES, kiliandika mwaka 1992 kwamba chanya ni pini ya pili, lakini mashine za zamani ziliendelea kuzunguka kwenye malori kwa miaka mingi baadaye.

Muziki wa roki ulivuruga utulivu huo wote. Wapiga gitaa walikuwa wamezoea jeki ya simu kuingizia gitaa, na watengenezaji wakatumia jeki hiyohiyo kutolea sauti kwenda kwenye kabati la spika. Kwa wati 15 hapakuwa na hatari. Agosti 15, 1965, Beatles walipiga katika uwanja wa Shea mjini New York mbele ya watu wapatao 55,000, vyombo vyao vikiwa na amplifaya za wati 100 na sauti za kuimba zikipitia spika za uwanja zilizowekwa kwa ajili ya kutangaza mchezo wa besiboli. Ni wachache sana waliosikia kitu. Jibu la mwanzo la maana lilitoka Uingereza kwa Charlie Watkins, mwenye kampuni ya WEM. Katika tamasha la Windsor la Agosti 1967 alifikisha wati 1,000 kwa kuunganisha amplifaya kumi za wati 100. Miksa moja ililisha amplifaya ya kwanza, ambayo ilipitisha ishara ileile kwa ya pili, hiyo kwa ya tatu, na kila moja ikasukuma spika zake yenyewe. Nguvu zao hazikuunganishwa popote isipokuwa hewani. Soketi ya kupitishia ishara kwa jirani, iliyopo leo nyuma ya karibu kila amplifaya ya jukwaani, hufanya kazi hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 1967, huko Elkhart, Indiana, kampuni ya Crown ilitoa DC-300, amplifaya ya transista ya wati 150 kwa kila upande kwenye omu 8. Haikuwa na transfoma ya kutolea. Transista zilishika spika moja kwa moja, na mrejesho hasi, mbinu aliyoipata Harold Black wa maabara ya Bell mwaka 1927 akiwa kwenye kivuko akielekea kazini, ulishusha ukinzani wa upande wa kutolea hadi sehemu ndogo ya omu. Hapo kanuni ya simu ilipinduliwa. Hakuna tena kulinganisha. Amplifaya hushikilia volti, na spika huchota mkondo inaoutaka, kama nyumba nyingi zinavyochota kwenye bomba moja kuu. Upande wa kuingizia ukafuata mtindo huo: miksa yenye ukinzani wa omu mia hivi hulisha amplifaya yenye omu 10,000 au zaidi, hivyo miksa moja yaweza kulisha amplifaya kadhaa bila kulemewa.

Uhuru huo ulikuja na masharti mapya. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba huwa omu 4, nne huwa omu 2, na mkondo hupanda kila mara ukinzani unaposhuka. Amplifaya ya valvu iliogopa kukosa mzigo. Ya transista iliogopa mzigo mzito au waya mbili za spika kugusana. Transista ikifa, mara nyingi ilipeleka volti zote za mkondo mnyoofu kwenye koili ya spika na kuichoma. Relei za kukata, fyuzi na saketi za kuhisi joto zilizojazwa ndani ya amplifaya tangu miaka ya 1970 zote ni majibu ya vifo vya aina hiyo.

Mifumo ikakua haraka. Bill Hanley alisimamisha minara ya spika Woodstock mwaka 1969 kwa umati wa watu laki kadhaa. Mwaka 1974 kundi la Grateful Dead lilizunguka Marekani na ukuta wa spika zaidi ya 500 uliosukumwa na amplifaya za McIntosh, jumla ikizidi wati 25,000. Aliyekuwa nyuma ya wazo hilo, Owsley Stanley, alichukia kuchanganya sauti. Kila chombo kilikuwa na amplifaya zake na spika zake, na hata nyuzi za gitaa la besi ziliweza kupewa njia moja moja. Ukuta ulikuwa nyuma ya waimbaji, hivyo kila mmoja alipewa maikrofoni mbili zilizounganishwa kinyume, akiimbia moja tu. Sauti ya ukuta iliingia zote mbili na kufutika, ya mwimbaji ikapita. Ni kanuni ileile ya jozi ya waya, ikihamishiwa hewani. Kwa uhandisi lilikuwa jambo zuri sana, kwa biashara lilikuwa balaa: kulijenga na kulibomoa kulikula watu, malori na fedha, na kabla mwaka haujaisha liliachwa. Ulimwengu ukafuata njia nyingine, ya kuchanganya vyote kwenye miksa moja na kugawa masafa: amplifaya za besi peke yake, za sauti ya kati peke yake, za sauti kali peke yake.

Wakati huo ndipo swichi ya daraja ilipozoeleka. Pande mbili za amplifaya hupewa ishara moja, mmoja ukigeuziwa kinyume, na spika hufungwa kati ya vituo viwili vya chanya bila kugusa hasi. Volti inayoifikia spika huwa maradufu. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kila upande huona nusu ya ukinzani: spika ya omu 8 kwenye daraja ni sawa na omu 4 kwa kila upande, na ya omu 4 ni sawa na omu 2, mzigo ambao mashine nyingi haziuwezi.

Plagi za kutolea zilibaki nyuma ya nguvu hizo. Palikuwa na skrubu, jeki, XLR zilizotumiwa pia kwa spika, na vituo vya kukaza vinavyopokea plagi za ndizi zenye nafasi ya milimita 19 kati ya mbili. Kila kimoja kilikuwa na aibu yake. Jeki, inapochomekwa mashine ikiwa inafanya kazi, hugusanisha kwa nukta moja sehemu zisizotakiwa kugusana. XLR ya spika iliweza kuingizwa kwenye miksa ikaiunguza. Plagi ya ndizi ya milimita 19, kwa bahati mbaya ya vipimo, iliweza kuingia kwenye soketi ya umeme wa ukutani ya nchi nyingi za bara la Ulaya, ndiyo sababu vituo vya amplifaya zilizouzwa huko vilizibwa matundu kwa vizibo vya plastiki. Na volti hazikuwa tena za kuchezea: wati 1,000 kwenye omu 8 ni karibu volti 90, zinazotosha kumrusha mtu.

Jibu lilitoka Schaan, katika nchi ndogo ya Liechtenstein, ambako kampuni ya Neutrik ilikuwa imeanzishwa mwaka 1975. Mwaka 1987 ilitoa Speakon, plagi ya plastiki ambayo metali yake imefichwa kidole kisiifikie, inayoingizwa na kuzungushwa kidogo hadi ijifunge, yenye uwezo wa kubeba makumi ya ampea. Haiingii kwenye soketi nyingine yoyote. Toleo lenye njia nne likawa la kawaida: jozi ya kwanza kwa besi na ya pili kwa sauti kali, au jozi moja tu ikitumika, na kwenye amplifaya nyingi chanya ya kwanza na chanya ya pili zikawa ndizo za daraja. Kwa mara ya kwanza waya wa ishara na waya wa spika hazikuweza kubadilishana hata fundi akitaka.

Mvumo ulibaki kuwa mgeni asiyealikwa. Miksa na amplifaya zikichomekwa kwenye soketi za umeme zilizo mbali mbali, kila moja ina waya wake wa ardhi, na wavu wa kebo huwa njia ya pili kati yao. Duara hilo hupitisha mkondo, na spika huvuma kwa masafa ya umeme wa nyumbani. Mafundi wengi walitibu kwa kukata waya wa ardhi kwenye plagi ya umeme, tiba inayoua. Mei 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maikrofoni wakati vifaa havikuwa na ardhi salama. Njia iliyo halali ni kuachia wavu upande mmoja wa kebo, au kuweka transfoma katikati. Mhandisi Neil Muncy alionesha katikati ya miaka ya 1990 kwamba lawama kubwa ilikuwa ya wenye viwanda. Walikuwa wakiifunga pini ya kwanza kwenye ubao wa saketi badala ya kwenye sanduku la chuma, hivyo kelele iliyokamatwa na wavu ilipelekwa ndani kabisa ya mashine. Kanuni ya AES ya mwaka 2005 iliagiza pini hiyo ifungwe kwenye sanduku.

Tatizo la urefu wa waya halikutatuliwa na plagi. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 2.5 yenye urefu wa mita 50 ina, kwenda na kurudi, karibu omu 0.7, na kwa spika ya omu 4 hiyo ni hasara inayosikika, tena inayolegeza udhibiti wa amplifaya juu ya koni. Amplifaya zikasogezwa karibu na spika, kisha zikaingia ndani ya kabati lenyewe. Kampuni ya Meyer Sound ilitoa spika ya studio ya aina hiyo, HD-1, mwaka 1989, na katika mwongo uliofuata spika kubwa za jukwaani zikafanywa hivyo. Kinachosafiri mbali sasa ni ishara ndogo na umeme wa kawaida.

Ishara hiyo nayo ikageuka kuwa tarakimu. Kanuni ya AES3 ya mwaka 1985 iliruhusu sauti ya kidijitali ipite kwenye plagi ya XLR, lakini kwa kebo ya omu 110 iliyolinganishwa mwanzo hadi mwisho, kwa sababu masafa ya tarakimu ni ya juu kiasi kwamba mwangwi wa umeme hurudi kuwa tatizo hata kwenye makumi ya mita. Kebo ya maikrofoni huingia bila kikwazo na hufanya kazi kwa umbali mfupi, kisha huanza kukatika sauti pasipo sababu inayoonekana. Baadaye ikaja mitandao ya kompyuta: CobraNet mwaka 1996, Dante ya kampuni ya Audinate ya Australia mwaka 2006, na AES67 ya mwaka 2013 inayoruhusu mifumo tofauti kusikilizana. Waya mmoja hubeba njia nyingi za sauti, na kuamua chanzo kipi kiende kwenye amplifaya ipi hufanyika kwenye skrini. Hata hivyo watengenezaji wengi wanaacha soketi za XLR za kawaida kando ya zile za mtandao, na baadhi ya amplifaya huhamia huko zenyewe mtandao unaponyamaza. Upande wa kutolea haujaguswa na mageuzi hayo: koili ya spika bado inadai ampea, na ampea bado hupita kwenye waya mbili nene za shaba.